Binamu Wawili na Kadi za Zuhali

Mume wangu Hemedy anakodisha viti. Ana viti vya plastiki, maturubai na masufuria ya pilau ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Hakuna harusi ya maana Nachingwea mjini iliyofanyika bila yeye, na misiba vilevile, kwa sababu aliyekufa hana shida ya kiti lakini waliobaki lazima wakae. Yeye hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Sasa nenda kafungue albamu za harusi za mji huu, zote, umtafute humo. Hayumo. Mpiga picha akisema "jamani sogeeni", Hemedy ndiye anayesogeza viti, halafu anasimama pembeni akingoja watu wamalize kutabasamu.

Nayasema haya mapema ili msije mkadhani niliolewa na mjinga. Si mjinga. Ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kuitaka picha yake, ukiacha ile ya kitambulisho, na hata hiyo walimkata sikio moja. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha kioo anakufuata popote, na kampuni ya Anga Bora ilikuja na kioo.

Walikuja mwaka juzi, msimu wa ufuta, na gari lenye spika kubwa na vijana kutoka Dar waliovaa suti za kung'aa za wanaanga, jua la saa saba likiwachoma humo ndani kama viazi. Walikuwa wanauza pakiti za kadi. Hadithi ya kadi zenyewe ilikuwa hivi: miaka elfu na ushee mbele, dunia imekauka, binadamu wamehamia kwenye pete za Zuhali, ile sayari yenye mkanda, na huko wanauana kugombea barafu. Nikamuuliza kijana mmoja, "Kwa hiyo wanagombea maji?" Akasema ndiyo mama, maji ya wakati ujao. Nikamwambia kwetu mtaa wa Nambambo tunagombea maji ya leo, tena bila suti. Akanitazama kama nimeongea Kimwera, akanipa karatasi ya matangazo na kuendelea na mteja mwingine.

Kila kadi ilikuwa na mchoro, jina, nguvu na hewa. Kulikuwa na Jemedari wa Barafu, Roboti Mla Chuma, Mkunga wa Angani na wengine wengi ambao sikutaka kuwajua lakini nililazimishwa. Watu wawili wanakaa, wanapanga kadi mezani, wanashambuliana, anayeishiwa hewa ameshindwa. Basi. Hicho ndicho kilichowatoa watu mashambani. Wanaume wenye ndevu na wajukuu wakawa wanaambiana sokoni, "Kaka, hewa yako imekwisha."

Na pakiti ilikuwa imefungwa, hujui umenunua nini mpaka umelipa. Mkulima wa huku, ambaye akiuziwa karanga anatafuna tatu kwanza ndipo atoe hela, ambaye gunia la korosho la mwenzake analichoma bambo la chuma mpaka chini aone kilichofichwa, mkulima huyohuyo akawa ananunua pakiti imefumbwa mdomo na kushukuru. Bodaboda walicheza juu ya tangi za pikipiki. Wakulima walicheza ghalani wakisubiri bei ya mnada. Mwalimu mmoja wa sayansi, Mungu amsamehe, alijibu swali la darasani akasema Zuhali ina jemedari.

Lakini wenyewe kampuni walikuwa na ujinga wao, na ule ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Kitabu chao cha kanuni kilisema kadi hubadilishwa kwa maelewano ya pande mbili. Aliyeandika maneno hayo hakuwa na binamu, au alikuwa naye akamsahau. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako. Akiingia nyumbani kwako akamwona kuku, akimpenda anaondoka naye, na wewe unacheka. Akikukuta na kofia mpya, kofia imepata mwenyewe. Atakuita mzoga mbele ya wakwe zako, wewe utamwita mchawi mbele ya wakwe zake, na atakayenuna ndiye aliyeaibika. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, ili ulie huku unacheka. Na sisi mabinamu tunao, wa damu na wa kuhesabiana.

Kwa hiyo kadi zilitembea. Pakiti iliyonunuliwa Nachingwea asubuhi, ikifika jioni imeshagawanyika mifukoni mwa ukoo mzima, na wiki ikiisha iko Ruangwa, na hakuna mwingine aliyelipa hata senti. Kampuni waliona kumbi za mashindano zimejaa wakafurahi, wakaandika mahali kwamba watu wa kusini wanaipenda Zuhali kuliko watu wote. Walikuwa sahihi. Tuliipenda sana, ila tulikuwa hatuinunui.

Ndipo likatoka tangazo. Bingwa wa kanda yetu angechorwa kwenye kadi ya toleo la tatu: sura yake, jina lake na cheo chake cha angani, iuzwe nchi nzima. Hemedy alilisoma kwenye simu akiwa anaosha viti. Akalisoma tena, akaacha maji yanamwagika.

"Mama Ashura," akaniambia, "watachora sura."

"Sura ya nani?"

"Ya atakayeshinda."

Mimi ni fundi cherehani, na kwenye kibanda changu nina kioo kirefu cha wateja. Jioni ile nilimkuta mbele yake, kageuza uso huku, kageuza kule. Akaniuliza, "Upande upi unafaa?" Nikamjibu, "Wa mgongo." Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye alitabasamu kidogo tu, akatoka nje kupanga viti, na mimi nikabaki nimeudhika bila kujua nimeudhika na nani. Baba wa watoto watatu, mwenye mvi kidevuni, anataka kuchorwa kwenye kadi kama shujaa wa karatasi za chokoleti! Nilimsema kwa majirani. Nilimsema kwa mama mkwe. Kila aliyekuja kushonesha sare aliondoka na sare na habari za mwanaanga wangu.

Tatizo ni kwamba alikuwa hodari. Inaniuma kulisema. Mtu aliyekaa miaka yote pembeni ya sherehe za watu, akingoja viti vyake, amejifunza kusoma nyuso: anajua bwana harusi gani ana wasiwasi, shangazi gani amekasirika, mgeni gani amekuja kula tu. Mpinzani akiokota kadi nzuri, Hemedy aliijua kabla haijafika mezani. Alimshinda Dastani wa stendi, ambaye alikuwa hashindiki. Aliwashinda vijana wa Mkotokuyana mmoja baada ya mwingine, nao walikuja na ngoma yao wakaondoka wameibeba kimya. Watu wakaanza kumwita kwa jina barabarani. Zamani walikuwa wanaita, "We wa viti!"

Fainali ilikuwa Ruangwa, na aliyefika upande wa pili wa meza alikuwa Rashidy, mkulima wa ufuta wa Mbwemkuru, mtoto wa mjomba wake Hemedy, yule mjomba wa tumbo moja na mama mkwe wangu. Rashidy sura anayo, na anajua kuwa anayo. Harusi yoyote akialikwa, yumo kwenye picha zote, hata ile ya bibi harusi na mama yake. Tulipoingia ukumbini alipiga kelele, "Jamani, mzoga huo umefika! Nani kauleta bila jeneza?"

"Nimekuja kukuzika, mchawi wee," Hemedy akamjibu. "Hofu yangu shimo. Kwa kichwa hicho tutachimba siku nzima."

Ukumbi ukacheka, wakakaa. Mwamuzi alikuwa dada wa kampuni anayeitwa Faudhia, msichana wa mjini, filimbi shingoni, kanuni zote kichwani. Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilikuwa nimekuja kudharau, hilo lieleweke, lakini mchezo ulipokolea nilijikuta nimeukunja mtandio wangu mkononi hadi ukawa kamba.

Rashidy alikuwa amebakiwa na hewa kidogo sana. Hemedy akaweka mezani Mkunga wa Angani, kadi ambayo kwa wilaya nzima zilikuwa hazijazi hata kiganja kimoja, ile inayofufua jeshi lote. Zamu moja zaidi na mambo yangekuwa yamekwisha. Watu waliokuwa nyuma wakasimama juu ya viti.

Rashidy akanyoosha mkono. Akaiokota kadi ya Hemedy mezani, akaitia kwenye mfuko wa shati lake, akasema, "Binamu, hii nimeipenda."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Wazee walipiga magoti yao, wanawake wakapiga vigelegele. Hemedy mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Aliyekuwa hacheki ni Faudhia. Alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka.

"Huo ni wizi! Arudishe kadi!"

"Mtani wake huyo!" watu wakamjibu. "Dada, kaa chini, mtani wake!"

"Mimi sijui mtani, mimi najua kanuni." Akamgeukia mume wangu. "Kaka Hemedy, sema tu unalalamika. Ukilalamika, huyu anatolewa na bingwa ni wewe, sasa hivi. Unalalamika?"

Neno moja. Kadi ya toleo la tatu, sura yake, nchi nzima, kwa neno moja. Nikasimama nikapaza sauti, "Sema ndiyo!" Hemedy aliutazama ule mfuko. Akawatazama wajomba zake waliokaa safu ya pili, na mabinamu waliojazana mlangoni. Halafu akatabasamu lile tabasamu lake la kungojea viti.

"Dada yangu, kwetu mtani hashitakiwi," akasema. "Tuendelee."

Bila Mkunga, hewa yake haikufika mbali. Rashidy akabebwa juu juu. Wakamvika suti ya kung'aa, wakampiga picha upande huu na ule, na yeye hakuhitaji kuuliza upande upi. Nikamtafuta mume wangu nimwambie yaliyokuwa kooni mwangu. Nikamkuta anakusanya viti na kuvipanga ukutani, na viti vyenyewe havikuwa vyake, vilikuwa vya ukumbi.

Nilimsema kutoka Ruangwa hadi mlangoni kwetu. Nilimwambia ana ushindi mkononi anaupa binamu kama anavyompa mtu kiti. Nilimwambia utani ni wa kuku na kofia, si wa kitu kilichomkosesha mtu usingizi. Yeye alinijibu mara moja tu.

"Ningesema ndiyo," akasema, "ningekaa na nani?"

Kuanzia hapo tukawa tunaletewa Rashidy kwenye simu. Kampuni walimtumia mchoro wa awali, naye akautuma kwenye kundi la ukoo asubuhi, mchana na baada ya Isha: Nahodha Rashidy, Mvunja Pete, kifua kama ghala la chama cha ushirika. Alimwita fundi akamchorea ukutani kwa rangi ya mafuta, kwenye nyumba yake ya Mbwemkuru, aonekane kutoka barabarani. Wageni wakifika walioneshwa ukuta kwanza, maji ya kunywa baadaye. Hemedy alikuwa anautazama ule mchoro kwenye simu, anaweka alama ya dole gumba, anarudi kwenye kazi zake. Alikuwa hacheki na pia hanuni. Mimi nilinuna kwa ajili yetu wote wawili.

Halafu, mikorosho ilipoanza kutoa maua, ukaja ujumbe. "Wapendwa wanaanga, mchezo wa Zuhali umefikia mwisho. Toleo la tatu halitatoka. Tunawashukuru kwa safari yetu ya pamoja angani." Angani! Hawakuwahi kutufikisha hata Masasi. Hata mwajiri akimfukuza mlinzi humwita akamwambia usoni, lakini hawa walimaliza na nchi nzima kwa mistari mitatu, na ukipiga namba yao inakwambia haipatikani. Baadaye tukasikia sababu. Watoto wa Dar walikuwa wananunua kadi na kuzihifadhi kwenye mifuko ya nailoni bila kuzicheza, wakingoja zipande bei. Sisi tulikuwa tunazicheza bila kuzinunua. Kwa hiyo kampuni iliuawa na wajinga wa aina mbili, na hakuna aliyeilia ila waliokuwa wameahidiwa sura.

Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi mpaka nikakosea mshono. Na nilikumbuka jambo lililonifurahisha zaidi: aliyefiwa ni Rashidy. Mtani wake ni Hemedy. Kwa desturi zetu zote, zamu ya kulala kaburini ilikuwa yetu.

"Twende tukamzike Nahodha," nikamwambia.

Hemedy akafikiri kidogo. "Twende," akasema.

Nilikata marekani nyeupe nikashona sanda ndogo, nikafunga ndani yake kadi mbovu mbovu nilizookota vibandani, nikafunga ncha tatu kama inavyotakiwa. Nilitunga maombolezo. Hemedy alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, na mimi nikaona hiyo ni sehemu ya mzaha, nikamsifu. Njia nzima nilikuwa napasha sauti moto. Watu kwenye gari walinipa pole, nikazipokea.

Mbwemkuru walishajua tunakuja. Majirani walikuwa wamejaa uani kwa Rashidy, wamekaa mkao wa kucheka. Mkewe, Mwamina, alitupokea mabegi huku ameshaziba mdomo kwa upande wa kanga. Rashidy mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya ule ukuta wake, ndevu hazijanyolewa, na juu yake Nahodha aking'aa. Alikuwa amechakaa kweli. Lakini alipomwona Hemedy, uso ukamfunguka, akasimama kama mgonjwa aliyemwona daktari.

"Haya, mzoga!" akasema. "Umekuja kunicheka? Njoo, malizana na mimi, nimekungoja."

Nikaangua kilio. "Uuuwi, Nahodha wetu! Nani atatuvunjia pete sasa!" Nikanyanyua maiti yangu ya kadi juu, watu wakaanguka kwa vicheko. Nilikuwa bado nina mengi, na yalikuwa mazuri, lakini Hemedy alinishika bega taratibu nikanyamaza.

Akavua viatu. Akapita juu ya mkeka, akamfikia Rashidy, akampa mikono yote miwili.

"Asalaam aleikum, ndugu Rashidy," akasema. "Tumesikia yaliyokufika. Pole sana. Mwenyezi Mungu akupe subira."

Rashidy alicheka, akingoja mkia wa maneno. Watu wote tulikuwa tunaungoja. Haukuja.

"Acha hizo, mzoga," Rashidy akasema.

"Shemeji Mwamina, poleni. Watoto hawajambo? Ufuta mwaka huu uliwaendea vipi?"

Kicheko kilikufa uani, kikianzia mbele kwenda nyuma. Wageni wa desturi zetu wataniuliza, ubaya uko wapi, mtu kapewa pole. Mtani hatoi pole. Mtani akikuta nyumba yako imeungua anauliza kama nyama imeiva. Siku atakayokushika mikono kwa adabu na kukuita ndugu, anakuambia mbele za watu kwamba utani mliokuwa nao yeye ameurudisha.

Rashidy alikuwa ameshaelewa. "Binamu," akasema chini chini, "nitukane."

"Nitakutukanaje, na umefikwa?"

"Nitukane basi, mbele ya watu hawa. Niite unavyoniita." Akageuka. "Mwamina! Mlete yule jogoo!" Mwamina akaja mbio na jogoo mwekundu, kamshika mbawa. "Mchukue, binamu. Mchukue huyu, chukua na jike lake."

Hemedy alimtazama jogoo kwa heshima zote. "Ahsante sana, shemeji," akasema. "Mfugeni, atawafaa."

Sijawahi kumwona mwanaume akipigwa vile bila kuguswa. Rashidy akakaa tena kwenye benchi.

"Ni ile kadi," akasema. "Binamu, wallahi, ile niliichukua kwa utani."

"Mtani akichukua hucheka, Rashidy," Hemedy akamwambia, bila hasira, kama anavyomwambia mteja viti vyake vimepungua. "Siku ile ukumbi mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka. Mimi nilikuwa nakutazama usoni. Wewe hukucheka."

Rashidy aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea magotini, na hakuna aliyethubutu kufanya mzaha. Mimi nilikuwa nimesimama na sanda yangu mkononi, na nikaona aibu nayo, nikaificha chini ya mtandio. Mdomo wangu unaogopwa Nachingwea nzima, lakini maneno yangu yote ya miaka yote ukiyajumlisha hayafiki uzito wa pole ile moja. Nilimwogopa mume wangu siku ile. Na nilimpenda, kwa namna ambayo haikuwa imenipata tangu nimekuwa kwake, na iliniuma kwamba imekuja wakati mtu mwingine analia.

Mwamina alituletea maji. Tulikunywa. Hemedy aliuliza habari za mvua, akaambiwa, akasema tuombe heri. Kisha tukasimama, tukawaaga kwa kupeana mikono mmoja mmoja, kama wageni.